Kalamu, Mashine na Miti ya Mlima Kenya

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo walimu huutumia mara nyingi wanapowahimiza wanafunzi wao kuandika. Lakini wahenga hawakutuambia ni nini hulipata daftari lenyewe siku kalamu inapobadilika. Je, chombo kipya cha kuandikia kinapoingia, mkono wa kale hauna budi kufa? Au upo uwezekano wa vyote viwili kukaa nyumba moja, kimoja kikimtumikia mwenzake?

Swali hili si la anasa kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura. Lugha yetu imekwisha kubadilisha kalamu mara moja, na wengi wetu hatuwezi tena kusoma yale waliyoyaandika mababu wa lugha hii. Leo inabadilisha kalamu mara ya pili, kwani mwanafunzi anaiacha karatasi na kushika simu. Katika makala haya nataka tulitazame jambo hilo kwa kupita njia ya mbali kidogo. Tutaanzia China, tupite chini ya Mlima Kenya, kisha turudi nyumbani.

Mwandiko uliokuwa sanaa

Kwa Wachina, kuandika vizuri hakukuwa kazi ya karani tu. Tangu zamani mwandiko umehesabiwa pamoja na ushairi na uchoraji kuwa miongoni mwa sanaa za juu kabisa. Vyombo vyake ni vinne, navyo huitwa hazina nne za chumba cha msomi: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Karatasi yenyewe ni kazi ya nchi hiyo. Masimulizi ya China humtaja Cai Lun, mtumishi wa jumba la mfalme, kuwa ndiye aliyeleta mbele ya mfalme namna bora ya kuitengeneza, mwaka 105.

Bingwa anayesifiwa kupita wote ni Wang Xizhi, aliyeishi katika karne ya 4. Maandishi yake mashuhuri, ambayo ni dibaji ya mashairi yaliyotungwa katika karamu moja ya wasomi, aliyaandika mwaka 353. Maandishi ya asili yamepotea. Kinachotazamwa leo ni nakala za waigaji wa baadaye. Hilo lenyewe latufundisha jambo: khati huishi kwa kuigwa. Mkono mmoja ukifa, mwingine uliojifunza kwake huendelea.

Ipo mitindo mitano mikuu. Upo mwandiko wa mihuri, ulio wa kale sana. Upo wa makarani. Upo wa kawaida, unaofundishwa shuleni. Upo unaoitwa wa kutembea, kwa sababu kalamu haisimami sana. Na upo ule uitwao wa majani, ambao huenda mbio hata asiyeuzoea hauelewi. Mwanafunzi mara nyingi huanzia neno moja, yong, lenye maana ya milele, kwa kuwa katika neno hilo mna aina nane za mikwaju ya brashi ambazo atazihitaji katika maneno mengine yote. Kila mkwaju una mahali pake katika mpangilio, na wino ukishashika karatasi haufutiki. Kwa hiyo atazamaye mwandiko haoni neno tu. Huuona mwendo wa mkono, pale ulipokaza, pale ulipolegea, pale wino ulipokauka. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiandikisha khati ya Kichina katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu usioshikika.

Siku mwandiko ulipokaribia kuzikwa

Msomaji asidhani kwamba Wachina waliulinda mwandiko wao bila mashaka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwako wasomi wakubwa, mwandishi Lu Xun akiwa mmoja wao, waliosema kwamba alama hizo maelfu kwa maelfu ndizo zinazowaweka wakulima gizani, na kwamba afadhali zitupwe na nafasi yake ichukuliwe na herufi za Kilatini. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Uturuki ilifanya hivyo kwa herufi za Kiarabu mwaka 1928, ikafaulu.

Mashine nazo zilionekana kuwa upande wa wapinzani. Taipureta ya Kizungu ilihitaji vibonye vichache tu. Taipureta ya Kichina, iliyoanza kutengenezwa kwa biashara huko Shanghai mnamo mwaka 1919, ilihitaji sinia lenye alama za chuma zipatazo 2,500, na mpiga chapa ilimbidi aitafute kila alama mahali pake. Nani angaliweza kuamini kwamba mwandiko wa namna hiyo utaingia katika zama za mashine?

Hata hivyo China haikuchagua kuzika. Mwaka 1956 serikali ilianza kuzirahisisha alama nyingi. Mwaka 1958 iliidhinisha pinyin, yaani utaratibu wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Lakini herufi hizo hazikupewa kiti cha mwenye nyumba. Zilikuwa ngazi ya mtoto kupandia ili azifikie alama. Na kompyuta ilipokuja, ngazi hiyo ikawa daraja: leo mtu huandika sauti ya neno kwa herufi za Kilatini, mashine ikamwonyesha alama zinazolingana na sauti hiyo, naye akachagua anayoitaka. Kile kilichodhaniwa kuwa mwuaji wa mwandiko wa kale kimekuwa mtumishi wake.

Lakini mtumishi naye ana gharama zake. Kwa kuwa mashine ndiyo inayokumbuka, mkono husahau. Wachina wana msemo juu ya jambo hilo: mtu hushika kalamu, na neno likamkimbia. Husoma bila taabu, lakini akiambiwa aandike bila simu hukwama. Kwa sababu hiyo, mwaka 2011 Wizara ya Elimu ya China iliagiza kwamba mwandiko wa brashi ufundishwe shuleni. Walimu wenzangu na waliangalie tukio hilo kwa makini: nchi iliyomaliza kazi ya kuingiza lugha yake katika kompyuta ndiyo iliyoona haja ya kurudisha brashi darasani.

Sanaa inayomwita mtazamaji

Katika hali hiyo ndipo ilipozaliwa sanaa ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita sanaa shirikishi, yaani ile isiyokamilika mpaka mtazamaji atie mkono wake. Mfano mmoja ni kazi ya mwaka 2011 ya kundi la Kijapani liitwalo teamLab pamoja na mwandishi wa khati Sisyu. Maana Wajapani nao waliurithi mwandiko huu kutoka China. Alama zilizoandikwa kwa brashi hutupwa ukutani kwa mwanga na kuteremka polepole. Mtu akipitisha kivuli chake au mkono wake juu ya alama, kompyuta hutambua, na kile kinachotajwa na alama hiyo hutokea: ndege huruka, theluji huanguka. Neno lililokuwa limelala huamka kwa kuguswa.

Lakini mtu anayetuhusu zaidi ni Xu Bing, aliyezaliwa mwaka 1955 na kukulia Beijing. Wazazi wake walikuwa watu wa vitabu, na katika ujana wake aliyaona Mapinduzi ya Utamaduni, wakati maneno yaliyobandikwa ukutani yalipoweza kumwinua au kumwangamiza mtu. Mwaka 1988 alionyesha mjini Beijing kazi iliyomtangaza, inayojulikana kwa jina la Kitabu cha Mbinguni. Alichonga kwa mkono, juu ya vibao vya mti, alama zipatazo 4,000, akazichapa katika vitabu na katika karatasi ndefu zilizoning'inia kutoka darini. Wasomi walizikaribia wakazisoma, wasipate neno hata moja. Alama zote zilikuwa za kubuni. Kila mtu, msomi na mkulima, alisimama pale akiwa sawa na mwenziwe: hakuna aliyejua kusoma.

Baada ya kuhamia Marekani mwaka 1990, Xu Bing alilipindua jambo hilo. Alibuni mwandiko ambao ukiutazama wadhani ni Kichina, kumbe kila alama ni neno la Kiingereza ambalo herufi zake zimepangwa ndani ya mraba. Akaugeuza ukumbi wa maonyesho kuwa darasa: madawati, brashi, wino, daftari za kuigia, na televisheni ya kutolea somo. Mtazamaji alikaa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Asiyejua Kichina aligundua ghafla kwamba anasoma. Ajuaye Kichina aligundua kwamba hawezi. Baadaye akaiingiza sanaa hiyo katika kompyuta, hata mtu aweze kuandika jina la ukoo wake kwa vibonye, na mashine imrudishie jina hilo katika umbo la mraba.

Chini ya Mlima Kenya

Ndipo njia yetu inapofika Afrika Mashariki. Majumba mawili ya sanaa ya California, lile la San Diego na lile la Chuo Kikuu cha Berkeley, yakishirikiana na shirika la hifadhi liitwalo Rare, yaliwaalika wasanii wanane kwenda katika mahali panane palipo katika orodha ya urithi wa dunia, kila mmoja atunge kazi kutokana na aliyoyaona. Xu Bing alikwenda Mlima Kenya, mlima wenye kimo cha meta 5,199, ambao hifadhi yake iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 1997. Maonyesho ya wasanii hao yalifunguliwa mwaka 2008.

Xu Bing alifika katika nchi ambayo habari ya miti haikuwa ngeni. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alikuwa ameanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akawafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Xu Bing hakuja kuwafundisha watu wa huko kupanda miti. Alichojiuliza ni hiki: fedha za kupanda zitoke wapi, na mwandiko wawezaje kuzileta?

Jibu lake lilikuwa la mwalimu. Katika Kichina, alama ya mti, mu, ni mchoro wa shina lenye matawi na mizizi. Ukiandika miti miwili kando kwa kando, wapata lin, kichaka. Ukiandika mitatu, wapata sen, msitu. Xu Bing alitunga kitabu kidogo cha mafunzo kwa watoto wa shule, kinachoonyesha jinsi alama za maandishi ya zama mbalimbali na ya mataifa mbalimbali zinavyoweza kukusanywa kuwa mchoro wa mti. Watoto wakachora. Mmoja huweza kujenga shina kwa herufi na mwingine akayafanya majani kwa alama za kale. Kila mti ulikuwa mwandiko, na kila mwandiko ukawa mti.

Kisha mashine ikaingia. Michoro ya watoto iliwekwa kwenye intaneti ikapigwa mnada, na mtu wa nchi ya mbali aliweza kuununua mti wa karatasi akiwa nyumbani kwake. Fedha zilirudi Kenya kupanda miti ya kweli. Kwa hesabu ya mradi wenyewe, dola 2 za Marekani, yaani kiasi cha nauli moja ya treni ya chini ya ardhi mjini New York wakati huo, zilitosha kupanda miti 10. Xu Bing naye aliiiga miti ya watoto kwa brashi yake, akaikusanya katika mchoro mmoja mkubwa wa msitu, kama wanafunzi wa kale walivyoiga mkono wa Wang Xizhi. Ila hapa bwana ndiye aliyewaiga watoto.

Yaweza kuulizwa, na ni haki kuuliza: sifa ilikwenda kwa nani? Jina la msanii linajulikana duniani. Majina ya watoto hayajulikani. Yaweza kuulizwa pia kama dola mbili za msafiri wa New York ni dawa ya msitu uliokatwa kwa miaka mingi. Maswali hayo yana uzito wake. Hata hivyo kuna jambo ambalo hayawezi kulifuta. Katika mradi huo hakuna aliyekuwa mtazamaji mtupu. Mtoto aliandika, mgeni alinunua, mpandaji alipanda, na kama mmoja angalikosekana, kazi isingalikuwako.

Kalamu yetu wenyewe

Sasa turudi nyumbani. Sisi pia tulikuwa na khati. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe, yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa wanakili wake wa misahafu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa herufi za Kiarabu, na kwa karne nyingi herufi hizo ndizo zilizobeba tenzi, barua za biashara na wasia wa Waswahili.

Wajerumani walipoingia, nao walilazimika kuzijua. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha huko Ujerumani mkusanyo wa barua na maandishi ya Kiswahili katika herufi za Kiarabu, ili watumishi wa serikali wajifunze kuzisoma. Lakini misheni zilikwisha kuchagua herufi za Kilatini. Kitabu cha sarufi cha Edward Steere kilitoka mwaka 1870, na gazeti la Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904, lilitumia herufi hizo hizo. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia ya Kilatini peke yake.

Tusiseme kwamba hasara ilikuwa tupu. Herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Hazina p, ch wala v. Herufi za Kilatini zilirahisisha kusoma, na bila hizo pengine Kiswahili kisingalienea upesi namna hii. Lakini kasoro za herufi za kale zilikuwa za kutengenezeka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, alizirekebisha herufi hizo zipate kuzitoa sauti za Kiswahili. Sheikh Yahya Ali Omar naye aliishughulikia kazi hiyo baada yake. Tofauti yetu na Wachina, basi, haikuwa katika ubora wa herufi. Wachina waliamua wenyewe, na ngazi ya Kilatini wakaifanya ngazi. Sisi tuliamuliwa, na ngazi ikafanywa nyumba.

Leo mlango umefunguka tena. Kompyuta huandika herufi za Kiarabu bila taabu, na Kevin Donnelly ametengeneza programu iitwayo Andika! kwa ajili ya Kiswahili cha herufi hizo. Mtu aweza kuandika kwa Kilatini na mashine ikamgeuzia. Ni daraja lile lile la pinyin. Na mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha khati ya Kiarabu katika orodha ya urithi, kwa maombi ya nchi 16, Oman ikiwa mojawapo. Pwani yetu haimo.

Darasani Bujumbura

Mji wetu una kila kinachohitajika. Kiswahili kilifika kando ya Ziwa Tanganyika kwa misafara ya biashara ya karne ya 19, kabla mji huu, uliokuwa ukiitwa Usumbura, haujawa kituo cha Wajerumani. Buyenzi hata leo ni mtaa wa Kiswahili, na watoto wake wengi hujifunza herufi za Kiarabu madrasa asubuhi au jioni, na za Kilatini shuleni. Lakini mara chache sana mtoto huyo huambiwa kwamba mikono yake miwili yaweza kuandika lugha moja. Katika Chuo Kikuu cha Burundi mna Taasisi ya Confucius, ambako Kichina hufundishwa, kwa hiyo brashi si kitu kisichopatikana.

Napendekeza somo moja, lisilohitaji gharama. Mwalimu aandike ubaoni alama ya Kichina ya mti, kisha miwili, kisha mitatu. Awaulize wanafunzi: Wachina huzidisha kwa kurudia alama; sisi huzidisha kwa njia gani? Watajibu: kwa kubadilisha mwanzo wa neno, mti, miti. Hapo ngeli ya M-MI imefundishwa bila kutajwa. Kisha kila mmoja achore mti kwa herufi za neno hilo, ajuaye herufi za Kiarabu azitumie za Kiarabu, na wa jirani yake atumie za Kilatini. Waketi wawili wawili wakisomeana. Mwenye simu apige picha, na picha ziende kwa darasa jingine, Rumonge, Kigoma au Uvira, lirudishe miti yake.

Mtoto wa Buyenzi ambaye jana aliona aibu ya daftari lake la madrasa mbele ya daftari la shule, siku hiyo atakuwa mwalimu wa mwenziwe. Hilo peke yake latosha kulihalalisha somo. Mashine itabeba picha, itazihifadhi, itazifikisha mbali. Lakini haitaweza kuandika mti wa kwanza. Huo sharti uandikwe na mkono, na mkono sharti ufundishwe na mtu.